Chini ya Ndoano

Kuna Jumanne moja isiyo na saini.

Ofisi ya uwanja wa ujenzi ni kontena la chuma lililotobolewa dirisha, na ndani yake, juu ya rafu iliyojaa vumbi la saruji, pana daftari kubwa lenye jalada la kijani. Kila siku ya kazi ina mstari wake, na kila mstari una saini mbili. Ukilipekua tangu ukurasa wa kwanza utaona miezi kumi na minne ya saini mbili mbili, nyingine zimelowa jasho, nyingine zimeandikwa kwa haraka ya mtu aliyechelewa, ukurasa mmoja umekanyagwa na kiatu cha mtu. Halafu unafika Jumanne ile na unakuta tarehe peke yake. Tarehe iliandikwa na karani. Ule weupe uliobaki uliachwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akiitwa Filimbi.

Alikuwa na jina lake, bila shaka, na mama yake alilitumia mpaka siku ya mwisho. Lakini uwanjani watu humwita mtu kwa kile wanachokisikia kwanza, na yeye walimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa mpiga ishara wa kreni. Kreni yenyewe ilikuwa ya mnara, imesimama katikati ya jengo kama mti wa chuma, na dereva wake alikaa kwenye kibanda cha vioo huko juu, mahali ambapo watu wa chini wanaonekana kofia tu. Dereva hawezi kuona ndoano inakoshukia. Macho yake ni mpiga ishara. Redio za mkononi zilinunuliwa mwanzoni, betri zikafa ndani ya miezi mitatu, na tangu hapo zilikaa mezani kwa msimamizi zikizuia karatasi zisipeperuke. Kilichobaki kilikuwa mikono na filimbi. Mlio mmoja, simama. Miwili, pandisha. Mitatu, shusha. Na kila mlio ulijibiwa na honi fupi kutoka juu, kabla ndoano haijasogea hata shubiri. Honi ile ilikuwa na maana moja: nimekusikia. Bila honi, hakuna kitu kinachosogea.

Dereva aliitwa Mwewe, na alikuwa mume wa mdogo wake Filimbi.

Mafundi wa nondo walilifanya hilo chanzo cha vicheko vyao vya kila siku. Walikuwa wakiinama kutwa nzima wakifunga vyuma kwa waya, na mtu anayeinama kutwa nzima hujitafutia pa kucheka. "Wewe unaongea naye kwa filimbi na anatii," mmoja wao mwenye pengo la meno alimwambia. "Mfundishe na mdogo wako, dada. Labda atarudi nyumbani mapema." Filimbi alijibu kwamba mdogo wake ana mwiko wa kusongea ugali na hajawahi kuhitaji filimbi.

Ukweli ni kwamba alikuwa na deni kwa Mwewe, lile lisilolipika. Miaka minne kabla, alipofiwa na mumewe, alikuja uwanjani kubeba ndoo za zege kichwani. Mwewe ndiye aliyemtoa kwenye ndoo. Alimfundisha ishara wakati wa chakula cha mchana, akitumia kijiko na kipande cha uzi badala ya kreni, na wanaume walipocheka kwamba mwanamke atawaangushia tofali kichwani, Mwewe aliteremka ngazi zote zile, akasimama mbele yao akihema, akasema yeye hatanyanyua hata msumari kama anayepiga filimbi si huyu. Wakarudi kwenye tofali zao. Tangu siku ile Filimbi aliinua uso akitembea uwanjani.

Daftari la kijani lilikuja baadaye, kutoka makao makuu ya kampuni, baada ya ajali kwenye uwanja mwingine. Utaratibu wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Mtu hajisainii mwenyewe. Dereva anatia saini kwamba mpiga ishara ni mzima wa macho na akili kwa kazi ya siku hiyo. Mpiga ishara naye anatia saini hivyo hivyo kwa ajili ya dereva. Saini mbili zikikamilika, msimamizi anafungua kabati na kutoa ufunguo wa kreni. Ikikosekana moja, ufunguo unabaki ndani. Wenyewe waliuita kuapiana. Kwa miezi mingi kilikuwa kiapo chepesi, kitu cha kufanya huku unapiga miayo.

Na palikuwa na chupa ya chai.

Dereva wa kreni akishapanda asubuhi hashuki mpaka jioni, kwa sababu ngazi ni ndefu na mikono inahitajika kushika vyuma, si mizigo. Kwa hiyo chakula humfuata. Mwewe alimwachia Filimbi chupa yake ya chai chini, nyekundu, yenye maua meupe. Filimbi mwenyewe ndiye aliyewapa wale wawili zawadi hiyo walipooana. Kila siku saa nne Mwewe aliteremsha kamba yenye kikapu. Filimbi aliiweka chupa ndani, akaifunga kwa fundo lake mwenyewe, fundo ambalo halikuwahi kulegea hata siku ya upepo, akapiga filimbi mara mbili, honi ikajibu, kikapu kikapanda. Jioni kikapu kilishuka na chupa nyingine ya plastiki, na hiyo hakuna aliyewahi kuuliza ina nini.

Alhamisi moja kifuniko cha ile nyekundu hakikukazwa vizuri. Kitu kikamchuruzikia kwenye glavu. Hakikuwa cha moto. Alinusa mkono wake, kisha akaunusa tena kwa sababu mara ya kwanza hakutaka kuamini, na harufu ikampanda mpaka machoni. Pombe kali, bila hata tone la maji.

Kikapu kilikuwa kinamsubiri. Juu, kichwa kidogo kilichungulia kwenye kioo. Filimbi alikaza kifuniko, akafunga fundo, akapiga filimbi mara mbili.

Jambo hilo hakulisahau. Mara nyingi baadaye angewaambia watu sehemu nyingine zote za habari hii kwa sauti kavu, lakini akifika hapo alitazama mikono yake. Alikuwa amejua, na alifunga fundo.

Saa nane na nusu mchana walikuwa wakishusha fungu la nondo kwenye ghorofa ya tatu. Filimbi alipiga mlio mmoja: simama. Honi haikujibu. Fungu liliendelea kuja, si kwa kasi, bali taratibu, kama mtu anayetembea huku amesinzia. Akapiga tena, akapiga tena, akavuka mikono juu ya kichwa. Ncha za vyuma zilipita juu ya mgongo wa yule fundi mwenye pengo, zikamgonga kofia yake ngumu, kofia ikadondoka na kubingirika mpaka ukingoni, ikaanguka chini ghorofa tatu. Ndipo fungu likasimama. Ndipo honi ikalia, ndefu, ya uchangamfu, kana kwamba kuna mtu ameulizwa habari za nyumbani.

Fundi alijipapasa kichwa. "Shemeji yako leo anachana nywele za watu," alisema, na wenzake wakacheka. Lakini midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu, na alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa muda mrefu kuliko mtu anayepumzika.

Jioni Filimbi alikwenda kwa mdogo wake. Ni vyumba viwili vyenye pazia katikati, cherehani karibu na mlango, kabati la vyombo lililopangwa kwa mpango usiobadilika tangu harusi. Alisubiri mpaka mdogo wake alipotoka kwenda kuchota maji, akamwambia Mwewe alichokinusa. Mwewe hakubisha. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba kule juu upepo ukivuma kibanda kinayumba, kwamba mwaka uliopita kiliyumba siku moja mpaka akaona barabara chini ya miguu yake, na tangu hapo mikono inamtetemeka asipoipa kitu. Alisema ataacha. Aliapa kwa watoto wake. Filimbi alimwangalia mtu aliyeteremka ngazi zote zile kwa ajili yake, akakubali.

Ila alimwekea sharti: kila asubuhi angeonja. Na kwa siku sita za kazi alionja, amesimama mlangoni pa kontena mbele ya karani, akifungua chupa nyekundu na kumimina kwenye kifuniko. Chai ya maziwa, sukari nyingi. Alikuwa akitia saini huku ulimi bado mtamu. Siku ya nne mafundi wa nondo walianza kumwita mke mkubwa. Siku ya sita alianza kujipa moyo.

Jumatatu Mwewe alikuja mikono mitupu. Alisema tumbo linamsumbua, chai leo haitaki. Alikuwa amevaa koti zito la kazi, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na hapakuwa na baridi. Filimbi aliliona koti. Alitia saini.

Saa tano honi zilianza kuchelewa. Alipiga mlio, akahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo jibu likaja. Mlio uliofuata ulijibiwa na honi mbili, na hakuna ishara ya honi mbili. Chini ya ndoano palikuwa na watu wanane na beseni lililojaa zege. Hakusubiri kuona zaidi. Aliwafukuza wote kwa mikono kama anafukuza kuku, akavuka mikono juu ya kichwa, na hakuishusha mpaka msimamizi akaja mbio.

Msimamizi alikuwa mtu mnene, mpole, aliyetembea na kalamu mbili mfukoni na kijitambaa cha kufuta jasho. Filimbi alimweleza yote: chupa, kofia, koti. Alikuwa amejiandaa kuona mshtuko. Alichokiona ni uchovu. Msimamizi alifuta shingo, akatazama upande wa lango kama anahofia kuna mtu anasikia, akamwambia, kwa upole ule ule, kwamba mambo hayo yanajulikana. Yamejulikana tangu mwaka jana. Lakini dereva wa kreni haokotwi barabarani, sakafu ya ghorofa ya nne iko nyuma kwa wiki tatu, na likiandikwa neno moja tu kwenye daftari, makao makuu watafunga kazi nzima. Atampeleka Mwewe nyumbani leo, ataandika ni homa. Kesho waendelee.

"Na wewe, mama, ni mtu wa familia," alimalizia. "Mambo ya familia huyaleti ofisini."

Filimbi alikuwa ameibeba siri ile siku kumi na moja kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake mdomoni.

Jioni hiyo mdogo wake ndiye aliyekuja kwake. Hakukaa. Alisimama karibu na kitanda, mkoba begani, kama mtu aliyeingia kulipa kitu na kuondoka. Mwewe alikuwa amefika nyumbani saa saba mchana akiongozwa na mlinzi, majirani wote wakiwa nje, na mlinzi ndiye aliyesema kwamba kesho huenda Filimbi asisaini.

"Dada, umekuwa ukisaini kila siku," alisema. "Ya kesho ina nini?"

"Ya kesho naijua."

"Na zile nyingine?"

Filimbi alimsogezea kigoda, na mdogo wake akakisukuma kwa mguu.

"Akiondolewa pale hapati kreni nyingine popote. Watasambaza jina lake. Watoto wangu watakula saini yako?"

"Yule fundi wa nondo naye ana watoto. Juzijuzi kofia ilianguka. Kichwa kilibaki kwa sababu alikuwa ameinama. Angekuwa amenyooka, leo ningekuwa nimekaa na mjane mwingine namwambia nini? Kwamba tulikuwa tunatunziana heshima?"

Mdogo wake alisema kwamba mtu aliyemtoa dada yake kwenye ndoo za zege hastahili hili. Filimbi akasema ni kweli. Akasema pia kwamba kama angekuwa mtu mwingine yeyote asiyemdai chochote, angekuwa amemsema siku ile ile ya glavu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi: kwamba wema wa Mwewe ulikuwa umekaribia kumuua mtu. Mdogo wake akaondoka bila kuaga. Walikuwa hawajawahi kuachana bila kuagana tangu utotoni, hata siku walizogombea nguo.

Jumanne asubuhi uwanja mzima ulijua kwamba huenda Filimbi asisaini. Vibarua walijipanga kwenye vivuli vya nguzo, mafundi wa nondo walijifanya wanatafuta koleo. Mbele ya kontena palikuwa na meza ndogo, daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwewe alifika saa moja kasorobo, amenyoa ndevu, macho mekundu, koti limefungwa mpaka shingoni. Karani aliandika tarehe. Kisha akaigeuza kalamu kwa Filimbi, aliyezoea kutangulia kusaini.

Filimbi alisoma maneno ya juu ya ukurasa, ambayo alikuwa hajayasoma tangu daftari lilipoletwa. Nathibitisha mwenzangu ni mzima kwa kazi ya leo. Ya leo, kutwa nzima, si ya saa moja kasorobo.

"Shemeji," alisema, "vua koti."

Mwewe alitabasamu kidogo, kama wanavyotabasamu watu waliofumwa na mtoto. Alisema hajanywa, amnuse akitaka. Filimbi akasema anaamini hajanywa bado. Akarudia: avue koti, alitundike pale kwenye msumari, apande na shati. Akipanda na shati, anasaini sasa hivi na mchana anamletea chai kwa mkono wake.

Mwewe aliweka mkono kifuani, juu ya vifungo. Watu wote waliuona mkono ule. Ulikaa pale. Haukufungua kifungo.

Filimbi aliirudisha kalamu mezani.

Msimamizi akaingia kati akicheka kicheko cha kuzima moto. Akasema jamani, koti ni koti, asubuhi ina ubaridi. Akamwomba mama atie saini, hayo mengine wayazungumze ndani. Filimbi alisema hapana. Msimamizi akasema basi si lazima yeye, mtu yeyote mwenye dhamana anaweza kusaini, hata yeye mwenyewe, akachomoa moja ya kalamu zake mbili.

Hapo ndipo Filimbi alipoivua filimbi shingoni. Ilikuwa ya chuma, kamba yake imekuwa nyeusi kwa jasho la miaka. Aliiweka juu ya daftari, juu ya mstari wenyewe.

"Saini," alimwambia. "Lakini anayesaini ndiye anayesimama chini ya ndoano. Shika na hii. Zege linaanza saa mbili. Mimi nitakaa hapa kwenye kivuli nikuangalie."

Msimamizi aliitazama filimbi. Akatazama juu, kwenye ndoano iliyokuwa ikining'inia tupu, ikizunguka polepole kwa upepo mdogo wa asubuhi. Jasho lilimtoka kwenye masikio na hakukumbuka kijitambaa chake.

"Sijasema amelewa," Filimbi aliendelea, na sasa alikuwa akisema na wote. "Sijamwandika popote. Nimesema mimi sisaini. Nani mwingine anataka?"

Kibarua mmoja alinung'unika kwamba siku yake ya kazi imeliwa na ugomvi wa mashemeji. Fundi mwenye pengo alimgeukia. Alikuwa amevaa kofia mpya, bado ina karatasi ya bei. "Nenda kasaini wewe," alimwambia. "Kichwa chako ni kigumu kuliko changu." Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyekwenda.

Msimamizi aliirudisha kalamu mfukoni. Kabati halikufunguliwa. Filimbi alichukua filimbi yake, akaketi kwenye rundo la mbao, na kutwa nzima ile kreni ilisimama, mkono wake umeelekezwa upande wa barabara, na wakazi wa majengo ya jirani walifungua madirisha kuuliza kuna nini, mbona kimya. Mwewe alikaa mwisho mwingine wa rundo lile lile la mbao mpaka saa sita. Kisha akasimama, akavua koti, akalikunja vizuri kama shati la kupelekwa kwa mtu, akalikumbatia kifuani, akatoka langoni.

Jumatano alikuja dereva mwingine kutoka uwanja wa mbali. Ilichukua simu mbili tu. Makao makuu walileta mtu mwenye miwani kuuliza kuhusu mstari mtupu, na msimamizi akaeleza kwamba mpiga ishara alichelewa siku hiyo. Filimbi alipoonyeshwa maelezo hayo ayatie saini, aliyasoma mpaka mwisho, akayarudisha yalivyo. Mwisho wa mwezi akapewa barua ya kupunguzwa kazini, ya mistari mitatu. Karani alimdai filimbi, maana ni mali ya kampuni. Filimbi akamwambia aandike imepotea, wao ni mabingwa wa kuandika. Akaondoka nayo.

Mwewe sasa anaendesha mashine ya kuchanganya zege, chini, kwenye yadi ya mtu binafsi. Siku nyingine anakunywa, siku nyingine hanywi. Mdogo wake Filimbi alikaa miezi mitano bila kupokea simu ya dada yake. Mwezi wa sita alipokea, akauliza kama dada yake ana uzi mweusi wa cherehani, akakata.

Filimbi yuko kwenye jengo la ghorofa sita nyuma ya kituo cha treni, chini ya kreni nyingine, filimbi ile ile shingoni. Kazi inaanza saa moja.